Siku moja maishani mwangu: mtunza nota na Simfoni ya Tisa ya Beethoven

Saa 1 asubuhi. Nafungua maktaba. Usifikirie wasomaji na meza ndefu. Ni chumba cha chini ya ukumbi wa okestra, hakina dirisha, kina makabati ya chuma, mashine ya kurudufu na kopo la penseli. Watu wakisikia nafanya kazi kwenye okestra huku Ujerumani huuliza napiga chombo gani. Sipigi. Mimi ni mtunza nota. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba kila mpigaji akifungua kitabu chake anakuta kurasa zote zipo, zimepangwa, na zinasema kitu kimoja na kitabu cha mwenzake.

Wiki hii ni Simfoni ya Tisa ya Beethoven. Mwisho wa Desemba okestra nyingi za hapa huipiga. Desturi ya kuipiga mkesha wa mwaka mpya ilianzia Leipzig mwaka 1918. Muziki wenyewe una sehemu nne, dakika 65 hadi 70 hivi. Karatasi zake ni wiki tatu za kazi.

Saa 1:15 hadi 3:30. Kupanga ukumbi. Fidla za kwanza ni wapigaji 16, za pili 14, viola 12, chelo 10, besi 8. Wawili hugawana stendi moja ya kuwekea nota, kwa hiyo vitabu vya nyuzi ni 30. Vyombo vya kupuliza kila mtu ana chake: filimbi mbili na ndogo moja, oboe mbili, klarineti mbili, basuni mbili na basuni kubwa moja, honi nne, tarumbeta mbili, tromboni tatu. Halafu timpani, zile ngoma zenye umbo la sufuria, na mwisho pembetatu, matoazi na ngoma kubwa. Filimbi ndogo, basuni kubwa na hivyo vyombo vitatu vya mwisho havifanyi kitu mpaka sehemu ya nne. Tromboni hunyamaza sehemu ya kwanza na ya tatu. Ndiyo maana ratiba nabandika mlangoni kwa herufi kubwa: nani aje saa ngapi. Mpiga tromboni aliyeitwa saa moja na nusu kabla ya nota yake ya kwanza hukutazama kwa jicho la mtu aliyedhulumiwa, na ana haki.

Kila stendi napitia kurasa kwa kidole. Ukurasa unaokosekana sehemu ya pili hauonekani hadi watu 60 wakiwa mwendo kasi na mmoja amesimama kama gari lililoishiwa mafuta. Fidla za kwanza wana tatizo lao maalumu kwenye sehemu ya tatu, ile ya polepole: wanapamba wimbo kwa nota ndogondogo mfululizo, hakuna pahali pa kupumua wala pa kugeuza ukurasa. Dawa yake ni kurudufu ukurasa unaofuata, kuukata, kuutia utepe upande mmoja tu ili ujikunje na kufunguka kama ubawa. Utepe uwe wa karatasi. Ule wa plastiki ukipata joto la taa hulia “krrr” wakati ukumbi mzima umekaa kimya.

Mpiga honi wa nne naye nimemwekea nakala iliyokuzwa. Katika sehemu hiyohiyo Beethoven alimpa yeye, si wa kwanza, kifungu cha peke yake kinachopanda ngazi nzima. Wapigaji honi wa nne hukisubiri kifungu hiki maisha yao yote, na wengi wamefikia umri wa miwani.

Saa 4. Mazoezi yanaanza. Nakaa nyuma ya besi na kitabu kikuu, chenye nota za vyombo vyote, mapajani.

Saa 5:30. Mapumziko ya dakika 25, na hapa ndipo siku ilipogeuka.

Mwongozaji ni mgeni wetu wa wiki hii. Akanifuata koridoni, chai mkononi. “Bwana, sehemu ya pili, kuanzia kipimo cha 93, nataka honi zote nne zipige wimbo pamoja na vyombo vya mbao. Unajua, kama Wagner alivyoshauri.”

Najua. (Kipimo ni kila kijisehemu cha nota kati ya mistari miwili ya wima.) Mtunzi Wagner aliandika mwaka 1873 juu ya namna ya kuipiga Tisa, na hoja yake ina mashiko. Pale vyombo vya mbao, yaani filimbi, oboe, klarineti na basuni, vina wimbo mkuu, lakini nyuzi zote chini yao zinagonga mdundo uleule kwa nguvu, na wimbo unamezwa. Honi za zama za Beethoven hazikuwa na vali, vile vitufe vinavyobadili urefu wa bomba. Bomba tupu linatoa nota chache tu za asili yake, hivyo asingeweza kuwapa wimbo ule hata angetaka. Leo honi zina vali. Waongozaji wengi huongeza, wengine huona ni kumsahihisha marehemu. Binafsi sioni tabu nayo. Tabu yangu ni kwamba anaitaka baada ya dakika 25, na barua pepe niliyomwandikia Oktoba nikimuuliza kama ana nyongeza yoyote hakuijibu.

Sasa tazama kinachohitajika. Kwanza, honi haiandikwi inavyosikika. Wapigaji wa leo hutumia honi ya F, ambayo husikika nota tano chini ya kilichoandikwa. Wimbo ule uko C, kwa hiyo kwa honi ya F ungeandikwa G. Rahisi. Lakini kitabu chao kilichochapwa, kwa wawili wa kwanza, kimeandikwa kwa honi ya D ya zamani, nao huhamisha kichwani wanapopiga. Nikibandika vipimo kumi na kitu vya F katikati ya ukurasa wa D, mtu atasahau kubadili kichwa na utasikia wimbo mwingine kabisa. Nikamkimbilia honi wa kwanza, mama mmoja mwenye miaka mingi kazini. “Mama, nikuandikie kwa F au kwa D?” Hakuinua hata macho kwenye kahawa yake. “D. Usinichanganye.”

Honi ya D husikika chini zaidi, umbali ambao wanamuziki huuita saba ndogo, basi C inayosikika huandikwa B-flati. Nikafungua programu ya kuandikia nota kwenye kompyuta, nikanakili mstari wa oboe, nikauhamisha. Programu huhamisha nota vizuri lakini alama za ukali wa sauti huziacha inapotaka yenyewe. Hizo lazima uzirudishe moja moja. Halafu ukubwa wa mstari: ukichapa ukubwa wa kawaida wa kompyuta, ukanda wa karatasi hauingii juu ya mstari wa zamani. Nikapunguza hadi asilimia 90, nikachapa, nikakata kwa rula na kisu, si mkasi, maana mkasi hupinda. Gundi ile ya kubandua bila kuchana, kwa sababu wiki ijayo anakuja mwongozaji mwingine asiyetaka kusikia habari za Wagner. Honi wa tatu na wa nne nao walitaka kwa D, ingawa vitabu vyao vina honi nyingine, ili wote wanne waonane. Sawa.

Na kuna la kukumbuka: nusu ya kwanza ya sehemu hii hurudiwa, na baada ya kipande cha kati yote huanza upya. Kosa moja kwenye ukanda wangu lingesikika zaidi ya mara moja, kila mara mbele ya watu walewale.

Nilibandika ukanda wa nne mpiga timpani akiwa ameshakaa. Ikapigwa. Mwongozaji akatikisa kichwa kuridhika na kuendelea mbele, kwa mpigo mmoja, kama mtu aliyewasha taa.

Saa 7 mchana. Mazoezi yameisha. Mkate na supu, dakika 15.

Mchana wote, basi. Kiongozi wa fidla amebadili pinde kwenye sehemu ya kwanza. Upinde kushuka, upinde kupanda: wapigaji 16 lazima waende pamoja, si kwa urembo tu, kushuka kuna uzito na kupanda kuna wepesi, sauti hubadilika. Akibadili yeye, fidla za pili hufuata, viola hutazama, chelo hubishana kidogo halafu hukubali. Mimi nakusanya vitabu vitano vya stendi za mbele, nahamishia kila alama kwenye vingine 25. Penseli ya 2B; ngumu zaidi haionekani chini ya taa, laini zaidi hupaka mikono. Kalamu ya wino ni marufuku. Unafuta alama ya zamani kwanza, kabisa, maana kivuli chake kikibaki mtu wa stendi ya sita atakifuata. Sehemu ya kwanza ina vipimo 547. Si vyote vina mabadiliko. Kufikia viola mkono hauhisi penseli.

Ukifanya kazi hii unamwelewa Beethoven kwa upande ambao vitabu vya sifa haviuelezi. Alizaliwa Bonn mwaka 1770, akahamia Vienna 1792, na kufikia 1818 watu walikuwa wakimwandikia maneno daftarini ili azungumze nao, kwa uziwi. Hayo kila mtu anayajua. Lakini mwandiko wake! Mistari imefutwa, imefutwa tena, nota zinaning’inia kati ya mstari na nafasi. Mnakili aliyemzoea, Wenzel Schlemmer, alifariki mwaka 1823, na Tisa ikaangukia mikono iliyokuwa inakisia. Ilipigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 7 Mei 1824 kwa karatasi za namna hiyo. Mwaka uliofuata mnakili mwingine, Ferdinand Wolanek, alimrudishia kazi na barua ya kulalamikia jinsi anavyotendewa. Beethoven alichora mistari mikubwa juu ya barua nzima na kumwita mjinga, mwenye majivuno, punda. Barua hiyo ipo hadi leo. Waandishi wa wasifu huicheka. Mimi niko upande wa Wolanek.

Makosa ya siku zile ndiyo mishahara yetu. Toleo la nota la wachapishaji Breitkopf la karne ya 19 lilitumika duniani kote zaidi ya miaka mia. Mwaka 1996 wachapishaji wengine, Bärenreiter, wakatoa toleo la Jonathan Del Mar, aliyerudi kwenye mwandiko wenyewe, nakala za wanakili na uchapaji wa kwanza. Yanatofautiana. Sehemu ya kwanza, kipimo cha 81, filimbi na oboe: toleo moja lina D, jingine B-flati. Vitabu vyetu ni Bärenreiter. Kitabu cha mwongozaji ni Breitkopf, cha tangu ujana wake, nacho kimejaa rangi tatu.

Saa 12:30 jioni. Kwaya inayoimba sehemu ya nne imefika, watu 80, na vitabu vya wachapishaji watatu tofauti, herufi za kuanzia hazilingani. Nilishatengeneza jedwali wiki iliyopita: herufi, kipimo, ukurasa wa kila kitabu. Bila hilo, mwongozaji akisema “kuanzia M” nusu ya kwaya inaimba shangwe na nusu inapekua kurasa. Sehemu ya nne ina vipimo 940. Muda wa kupekua unaongezeka upesi.

Sijui ilikuwa saa ngapi, mbili na kitu labda, wakafika pale kabla kwaya haijalipuka na wimbo wote, okestra imeshuka karibu na ukimya, honi zinashika nota moja zikiirudia. Mwongozaji akasimamisha. “Honi, hamko pamoja.” Walikuwa pamoja. Kwenye toleo jipya nota zile zimeunganishwa bila mpangilio wa sawasawa, mdundo unayumba kama Beethoven alivyoandika. Toleo la zamani lilizinyoosha. Honi wa kwanza akageuka kunitazama, wote wakanigeukia, nikasimama na kitabu changu. Wakajadiliana. Akachagua ya zamani. Penseli tena, vitabu vinne, pale pale, wanakwaya wakinitazama.

Baadaye soprano walipanda A ya juu na kuishika, vipimo baada ya vipimo, bila huruma. Hao nao wanafanya kazi.

Kuhesabu vitabu: viola stendi ya tatu hakipo. Nilikikuta ndani ya mkoba wa fidla uliosahaulika chini ya kiti. Kufunga, taa, ngazi.

Saa 4 na nusu usiku, ndani ya tramu, barua pepe kutoka kwa mwongozaji. Kipande cha kati cha sehemu ya pili: Beethoven aliweka alama ya mwendo 116, yaani mapigo kwa dakika, lakini vitabu vingine vinaonyesha ni kwa nota nusu na vingine kwa nota nzima, yaani mara mbili ya mwendo. Vyetu vinasemaje? Nimemjibu: nusu. Na kwamba chake, ukurasa uleule, juu kulia, kinasema nini aangalie mwenyewe kabla ya saa 4.