Shem kanisema mbele za watu: "Miaka saba Uingereza bado unaendesha Vitz?"

Nipo Dar wiki ya pili sasa, nimefikia kwa mama Mbagala Rangi Tatu. Jumapili tulikusanyika familia nzima, pilau, kachumbari, watoto wanakimbizana uani, raha tupu. Mume wa dada yangu akaomba simu yangu aangalie picha za huko, akafika kwenye picha ya gari langu limefunikwa na theluji, akainua simu juu wote waone. "Shem, hii si Vitz hii? Miaka saba Uingereza bado uko na Vitz ya 2009?" Watu wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Mimi nilinyamaza kwa heshima ya mama, lakini iliniuma na mpaka leo Jumatano naandika hapa bado inauma.

Ni kweli ni Vitz. Kule inaitwa Yaris lakini ni gari lile lile, na kilichoniuma sio jina. Kilichoniuma ni kwamba ile Ijumaa, siku mbili kabla ya hilo pilau, gereji niliyoliacha gari kule ilinitumia meseji kwamba limefeli ukaguzi, na tangu meseji ile sijalala vizuri. Shem hajui, na sikumwambia.

Niwaeleze wasiojua. Kule gari likishafikisha miaka mitatu lazima likaguliwe kila mwaka, wanaita MOT. Bei ya juu ya ukaguzi imewekwa na serikali, pauni 54.85, gereji inaweza kushusha lakini haiwezi kupandisha. Wanalinyanyua juu wanakagua breki, taa, matairi, moshi, chuma cha chini, kila kitu, na bila karatasi ile ukikamatwa barabarani faini inafika hadi pauni 1,000. Hakuna cha "afande tuelewane". Mimi nililipeleka mapema kabla ya safari kwa sababu ukipima ndani ya mwezi mmoja kabla ya tarehe kuisha, tarehe yako ya mwaka ujao inabaki ile ile, hupotezi kitu. Nikajua naliacha, nakuja zangu Bongo, nikirudi nalikuta tayari.

Meseji ikasema kutu imetoboa chuma cha chini ya mlango wa nyuma kulia, karibu na pale pa kuwekea jeki, paipu ya breki ya nyuma imeliwa na kutu, na tairi mbili za mbele zimeisha. Jumla na kodi pauni 690. Piga wenyewe kwa chenji ya leo, halafu fikiria hiyo hela ukishuka nayo mtaa wa Gerezani kwenye maduka ya spea unarudi na nini. Ila kwenye bili ile spea zenyewe ni kidogo, kinachokula hela ni saa za fundi. Kule ukiingiza gari gereji saa inaanza kuhesabu kama mita ya taksi.

Halafu kuna muda. Ukiliacha gari pale pale walitengeneze wenyewe na walipime tena ndani ya siku 10 za kazi, kupima tena hulipi. Zikipita unaanza upya. Kwahiyo wanataka jibu langu kesho Alhamisi: tutengeneze au tumwite mtu wa skrepa?

Sasa shem angeniuliza Vitz ile inafanya nini ningemwambia. Naishi Peterborough, kazi ipo hospitali Cambridge. Ni maili 40 kwenda na 40 kurudi, yani kila zamu ni kama mtu anatoka Posta mpaka Bagamoyo kazini na jioni anageuza. Zamu moja ina urefu wa saa kumi na mbili na nusu, naingia saa moja asubuhi natoka saa moja na nusu usiku, mara tatu kwa wiki, na saa za njiani hazilipwi hata senti. Mbona nisihamie Cambridge? Kodi ya nyumba ya Cambridge ingekula mshahara wote, na ile nyumba ya Chanika ambayo shem mwenyewe alikuja kuiona ikiwa kwenye lenta isingefika kwenye lenta. Treni ipo ila ya kuniwahisha saa moja asubuhi ni shida, na Jumapili treni zinachelewa kuanza, na mgonjwa haachi kuumwa kwa sababu ni Jumapili.

Nililinunua 2019 likiwa na maili 71,000, leo lina 137,000, kwa kilomita za kwetu ni kama laki mbili na elfu ishirini. Miaka sita limenipeleka na kunirudisha. Siku ya zamu linakunywa petroli ya pauni kumi hivi. Mshahara wa kwanza wa kutuma bati nyumbani ulitokana na lile gari, ada ya mtoto wa dada yangu, ambaye ni mtoto wa shem, ilitokana na lile gari. Sisemi kwa kumsimanga, nasema kwa sababu watu hawajui hela inapotoka.

Lakini nisiwadanganye na upande wa pili. Desemba 2022 lilizima barabarani, A14, usiku natoka zamu. A14 ndio barabara ya malori ya makontena yanayokwenda bandari ya Felixstowe, yanapita mfululizo usiku kucha. Taa za dashibodi zikawaka zote, usukani ukawa mzito, nikabahatika kulivuta pembeni. Kanuni ya usalama ni kwamba unatoka nje unasimama nyuma ya vyuma vya pembeni, humo kwenye gari hukai, nikasimama kwenye baridi zaidi ya saa nzima nasubiri gari la kuvuta huku kila lori linalopita linanitikisa. Nililia. Kumbe ni altaneta tu, kile kifaa kinachochaji betri. Kwahiyo mama alivyoniambia juzi jikoni, "mwanangu, gari la kwenda kazini usiku sio la kubahatisha, liuze", sikuwa na la kumjibu.

Jumatatu asubuhi nikatoka tu kutembea, hasira za shem bado zipo, nikapita kwa fundi mmoja hapa mtaani, yuko chini ya mwarobaini, Vitz na IST ndio maisha yake. Sikwenda na gari, gari liko Uingereza, nilikwenda kuuliza tu kama mtu anavyomuuliza daktari akikutana naye dukani. Nilijua ataniona napoteza muda wake. Yule kaka akanawa mikono, akanipa kigoda, akasema "dada hebu tuone."

Nikamfungulia kwenye simu ule ukurasa wa serikali ya Uingereza ambapo mtu yeyote anaingiza namba ya gari anaona historia yake yote ya ukaguzi, bure. Gari langu linaanzia 2012, kila mwaka maili ngapi, lilifeli nini, lilionywa nini. Fundi alisoma mwaka mmoja mmoja, mimi namtafsiria, karibu saa nzima, wateja wawili wamekaa wanamsubiri. Akasema huku kwetu gari linashuka bandarini kilomita zimeshachezewa na mteja anasoma dashibodi anaamini. Akanionyesha kitu ambacho mimi mwenye gari sijawahi kukiona: neno kutu lilianza kutajwa kama onyo 2021, likarudi 2022, likarudi tena, na mimi kila mwaka nilikuwa naangalia limefaulu tu basi naweka karatasi kabatini.

Akaniambia, "dada, injini hiyo haina shida, ni ya cheni, ukimwaga oili kwa wakati itakufikisha mbali. Huku kwetu mashimo yanaua miguu ya gari, shokapu na wenzake, bodi inabaki. Kwenu huko bodi ndio inakufa injini ikiwa nzima." Ni chumvi. Kule majira ya baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu isishike, na ile chumvi inarushwa na tairi inakaa chini ya gari inakula chuma kimya kimya. Fundi hajawahi kuona theluji ila alinielewa hapo hapo, akasema gari za watu wa Kigamboni zinazolala karibu na bahari zinakuja kwake na ugonjwa huo huo.

Halafu akanipa swali la kuwauliza, na hapa ndipo nilipomheshimu. Akasema usiwaulize bei, waulize kutu imefika wapi. Kama imefika pale miguu ya nyuma inaposhikia kwenye bodi, achana nalo, usichomelee, utalala na pesa zako na siku moja mguu utakuacha kwenye spidi. Kama ni ubavu tu na paipu, chomelea. Waambie wakupigie video chini, wagongegonge kila mahali usikie mlio.

Nikatoa elfu kumi, akakataa. Nikaiweka kwenye boksi la spana, akanirudishia mkononi, "hujaniletea gari dada, nimeongea tu." Wateja wake wawili nao hawakununa, mmoja alishaanza kutoa maoni yake kuhusu paipu. Kwa miaka saba sijakaa mahali mtu akanipa saa nzima ya kazi yake bila kuandika bili. Naomba mnielewe, kule nako wapo watu wema, lakini muda wa mtu kule ni kitu kingine.

Jana usiku video ikaja. Yule kijana wa gereji, namshukuru na yeye, alizunguka na tochi chini ya gari lote anagonga. Nikampelekea fundi asubuhi hii. Akaangalia mara tatu. Pale pa miguu ya nyuma chuma kinalia vizuri, kuna kutu ya juu juu. Tundu ni lile moja, kama kiganja changu.

Nimepiga hesabu zote. Nilishaulizia gari jipya kidogo la mkopo, walinipa pauni 210 kwa mwezi kwa miezi 48. Hiyo ni pauni 10,080 ukimaliza. Matengenezo yote ya sasa ni miezi mitatu na siku kadhaa za mkopo huo, na miezi 44 iliyobaki ni bati, ni milango, ni kisima. Na gari la mtu mwingine sijui limelala kwenye chumvi miaka mingapi, hili nalijua.

Mnaotaka kuja, nawaambia kwa upendo. Leseni ya Bongo kule unaendeshea miezi 12 tu tangu ukae, baada ya hapo haikubaliki na haibadilishwi, unaanza mtihani wa kwao, wa nadharia pauni 23 na wa barabarani pauni 62, na foleni ya kupata tarehe ni ndefu, kwahiyo ukitua tu anza. Ajenti akikwambia leseni yako inatosha anakudanganya. Usinunue gari bila kuingiza namba yake kwenye ule ukurasa, na usisome mwaka wa mwisho peke yake, soma maonyo ya miaka yote. Usidanganywe na dizeli ya bei chee, mwenzangu alichukua ya 2013 akafurahi, kumbe kuingia nayo London kuna ada ya moshi, pauni 12.50 kwa kila siku, wakati kapetroli kangu ka 2009 hakalipi. Na weka hela ya gari pembeni kila mwezi hata pauni 40, mimi sikuweka ndio maana meseji ile ilininyima usingizi.

Mama nimemuonyesha ile video. Hajui magari ila alisikiliza mlio wa kugonga kama anavyogonga nazi sokoni, akauliza, "na breki?" Nikamwambia paipu itakuwa mpya kabisa mama. Akauliza na lile lililozima usiku? Nikamwambia altaneta ilibadilishwa, na nikirudi naweka betri mpya na kununua ile huduma ya kuvutwa ambayo nilikuwa naiona ghali. Akasema haya.

Nimeshawajibu gereji, nimesema tengenezeni, wekeni na dawa ya kutu chini kote. Narudi wiki ijayo, zamu ya kwanza Jumapili saa moja asubuhi. Fundi nimemuuliza nimletee nini safari ijayo, akasema ile mashine ndogo ya kusoma taa ya injini, na hela yake atanipa. Nitamletea, na hela yake sitaipokea.