Kumbe Apgar ni mtu?

Saa tisa usiku, leba. Mtoto katoka analia kilio cha kuamsha wodi nzima, mama yake anatetemeka ile baridi ya baada ya kujifungua, nami nimeinama nasubiri kondo la nyuma. Nikamwambia mwanafunzi niliyekuwa naye zamu, "Andika Apgar." Akaandika nane kati ya kumi, alama ya hali ya mtoto akishazaliwa, kisha akanitajia herufi tano za A-P-G-A-R moja baada ya nyingine, kila herufi na neno lake la Kiingereza, kama walivyokaririshwa darasani.

"Vizuri," nikamwambia, "ila Dokta Apgar mwenyewe hakuzipanga hivyo."

Kalamu ikasimama. "Sista, kumbe Apgar ni mtu?"

Ni mtu, tena mwanamke. Kila Machi, Siku ya Wanawake ikifika, simu yangu hujaa picha za wanawake mashuhuri: marais, malkia, wakimbiaji. Sina ugomvi nao, na kitenge cha sare nanunua kama wenzangu (cha mwaka juzi kimeshakuwa pazia). Lakini mimi nina wangu watatu. Hawa nakutana nao kazini kila siku, na karibu wote tunaowahudumia hapa Muheza, Tanga, hawajapata kuwasikia.

Virginia Apgar alizaliwa mwaka 1909 huko New Jersey, Marekani. Alimaliza udaktari mwaka 1933 akitaka kuwa mpasuaji. Mkuu wake akamshauri aachane na upasuaji, kwa kuwa wanawake aliowafundisha kabla yake walikuwa hawapati riziki humo, na uchumi wenyewe wakati ule ulikuwa taabani. Akaenda kwenye dawa za usingizi za upasuaji, fani ambayo madaktari wengi walikuwa wanaidharau. Kufika mwaka 1949 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa profesa kamili katika chuo cha udaktari cha Columbia.

Daktari wa usingizi anakaa upande wa kichwa cha mama, kwa hiyo anaona chumba chote. Apgar aliona kwamba mtoto akishatoka, macho yote yanabaki kwa mama. Mtoto aliyelegea mara nyingi alihesabiwa kuwa keshaondoka, na hakuna aliyehangaika naye. Husimuliwa kwamba asubuhi moja kantini, mwanafunzi alimuuliza hali ya kichanga inapimwaje. Akachukua kikaratasi kilichokuwa karibu akaandika mambo matano: mapigo ya moyo, kupumua, misuli kukaza, anavyokunja uso ukimchokoza, na rangi ya ngozi. Kila moja sifuri, moja au mbili. Kipimo hicho kilichapishwa mwaka 1953. Hakidai mashine wala umeme, hata mshumaa unatosha, na nasema hivyo kwa sababu nimeshakifanya kwa mshumaa.

Kumi kamili dakika ya kwanza huipati kirahisi, maana viganja na nyayo huwa bado vya bluu. Mwanafunzi akiniandikia kumi mara moja, najua hakutazama miguu. Na asiyepumua hatusubiri alama zake. Dakika ya dhahabu, yaani ile ya kwanza, ikipita bila ambu (mfuko wa kumpulizia hewa) kugusa uso wake, hesabu haina maana tena. Alama huja kutuambia tumefika wapi.

Zile herufi alizipanga daktari mwingine miaka ya 1960 mwanzoni ili wanafunzi wasisahau. Wakakumbuka herufi, wakamsahau mwenye jina.

Ninachompendea zaidi hakihusu watoto. Apgar alikuwa anapiga fidla na kuunda vyombo vya muziki kwa mkono. Rafiki yake aliona kwenye kibanda cha simu hospitalini rafu ya mbao nzuri mno, ikamtamanisha kwa mgongo wa chombo walichokuwa wanakiunda. Basi wakaenda usiku kuing'oa na kuweka nyingine mahali pake. Ile mpya ikakataa kuingia, ikabidi ikapunguzwe kwa msumeno chooni, huku profesa mzima amesimama nje analinda. Wanawake wa namna hii kwenye zile picha za Machi hawatiwi.

Wa pili jina lake halikufika huku kabisa, ila dawa yake ipo kila duka. Mimi nimekulia enzi za klorokwini, dawa ya malaria. Waliokunywa wanakumbuka ule muwasho: unapona homa halafu unajikuna usiku kucha hadi ngozi inachora mistari. Mwishowe vimelea vikaizoea. Mwaka 2001 ikaja dawa nyingine, SP, nayo haikudumu, na mwaka 2006 tukaanza mseto, dawa mbili kwenye kidonge kimoja.

Nusu ya mseto ni kazi ya Tu Youyou, Mchina aliyezaliwa Ningbo mwaka 1930. Mwaka 1969 alipewa kuongoza kundi moja katika utafiti wa siri wa dawa ya malaria, uliokuwa umeanzishwa kwa ajili ya vita vya Vietnam. Akamwacha mtoto mmoja chekechea ya bweni na mwingine kwa babu na bibi. (Niliwaza sana hapo. Mimi wangu niliwaacha kwa dada yangu zamu za usiku tu, na bado wananikumbusha.) Dondoo za pakanga ya Kichina zilifanya kazi mara moja, mara nyingine zikagoma. Tu akarudi kwenye kitabu cha tiba cha miaka zaidi ya 1,600, kilichosema loweka majani kwenye maji, kamua, unywe. Hakikutaja kuchemsha. Akaelewa kuwa moto ndio ulikuwa unaua dawa. Tarehe 4 Oktoba 1971, sampuli namba 191 iliua vimelea vyote kwa panya. Mwaka uliofuata akainywa yeye mwenyewe kabla ya mgonjwa yeyote. Tuzo ya Nobel alipewa mwaka 2015, bila ya kuwa na shahada ya uzamivu.

Mtu mzima naanza kumpa vidonge vinne vya mseto hapo hapo, vinne vingine yakipita masaa nane, na anywe na maziwa au chakula chenye mafuta. Siku hizi sisemi "baada ya saa nane". Kuna mzee aliweka kengele, akaamka saa nane ya usiku kumeza.

Wa tatu ni Henrietta Lacks, mama Mweusi wa watoto watano, aliyelima tumbaku jimbo la Virginia, Marekani. Alikufa Baltimore kwa saratani ya mlango wa kizazi akiwa na miaka 31, tarehe 4 Oktoba 1951, miaka ishirini kamili kabla ya sampuli 191. Seli zake zilichukuliwa bila ridhaa yake, zikaendelea kugawanyika maabara hadi leo. Wakaziita HeLa, na kwa miaka mingi watu waliandikiwa kwamba mwenyewe aliitwa Helen Lane. Ndani ya seli hizo kulikuwa na virusi vya HPV, vinavyoleta saratani hiyo, aina ya 18, mojawapo ya aina zinazozuiwa na chanjo tuliyoanza kuwapa wasichana wa miaka 14 nchini Tanzania mwaka 2018. Huyu hakuchagua kutoa chochote. Simweki kundi moja na wenzake kwa raha.

Kondo lilitoka salama. Mama alikuwa kimya muda wote nikidhani amesinzia, kumbe anasikiliza.

"Huyo daktari wa alama anaitwa nani tena?"

"Apgar," mwanafunzi akamjibu.

Akafikiri kidogo. "Hapana. Linakaa kidawa-dawa."

Mtoto ni wa kiume. Kapewa jina la babu yake.