Mikesha chotara wa Beijing

Baridi ya Beijing ikishuka nyuzi kumi chini ya sifuri, Waswahili wengi tulioko hapa hujifungia vyumbani. Mimi ndipo ninapotoka na darubini, maana ndio msimu wa mikesha, ndege wanaohamia hapa kutoka Siberia, na miongoni mwao wamo machotara.

Napendelea bustani ya Hekalu la Mbinguni, lililojengwa mwaka 1420. Miberoshi yake ya kale huzaa vitunda ambavyo mikesha huvifuata hata theluji ikiwa imetanda. Ukibahatika utaona aina nne. Mkesha wa Naumann (Turdus naumanni), ambaye hapa ndiye wa kawaida, ana madoa ya rangi ya kutu kifuani na ubavuni, na kutu hiyohiyo mkiani. Ndugu yake Turdus eunomus ana madoa meusi, unyusi mweupe, na kutu yake imekaa kwenye mbawa. Mkia ni wa giza. Kisha yupo mwenye koo jekundu na mwenye koo jeusi. Hawa wawili tumbo lao halina madoa makubwa.

Huko Siberia, maeneo ya kuzalia ya Naumann na eunomus yanapokutana, ndege hawa hupandana. Wenye koo jekundu na jeusi hali kadhalika. Ndiyo maana kwa miaka mingi wataalamu waliihesabu kila jozi kuwa spishi moja.

Jumamosi iliyopita mmoja alikuwa akichakura majani makavu chini ya mti. Kidari kilikuwa na madoa meusi yenye kingo za kutu. Hilo peke yake halinitoshi, kwa sababu rangi ya kifua hutofautiana sana hata ndani ya aina moja. Nikahamia kwenye mbawa: kutu imejaa, kama ya eunomus. Nikangoja. Mzee mmoja mstaafu mwenye kamera, ambaye kila nikimwamkia hunisogezea nafasi, akanionyesha kwa kidole: ndege ameruka hadi tawini na kugeuka, na upande wa chini wa mkia ni mwekundu wa kutu kabisa. Mbawa za mmoja, mkia wa mwingine. Huyo nilimwandika kuwa yamkini chotara, na ninasimama na neno hilo, "yamkini", kwa kuwa bila kumpima vinasaba siwezi kudai zaidi.

Karibu naye alikuwapo mwingine aliyepauka, madoa machache. Wengi humwita huyu chotara upesi, nami naona wanamwonea. Majike wachanga wa Naumann hupauka hivyo. Tazama manyoya ya bawani: ncha nyeupe zilizobaki zinaonyesha ni ndege wa mwaka wake wa kwanza. Umri na jinsia vitangulie, uchotara ufuate.

Kwetu Usambara tuna mkesha wetu, Turdus roehli, wa misitu ya milimani. Nilipokuwa huko sikumtazama kwa makini hivi, na nikienda likizo nitapanda Lushoto kumtafuta.

Mlioko Japani, huko eunomus ndiye aliyejaa, kwa hiyo kwenu kutu mkiani ndiyo ya kukufanyeni msimame. Mkinitumia picha, naomba isiwe ya kifua tu. Nataka bawa lionekane, na mkia kwa upande wa chini.