Siku yangu moja ya Aprili: cherehani, baiskeli na samaki wa chini ya mto

Saa 11:30 alfajiri

Wilhelmsburg, mtaa wa jiji la Hamburg, Ujerumani. Bado giza, lakini ni giza jepesi. Mwezi Desemba jua la hapa huchomoza kama saa 2:30 asubuhi na saa 10 jioni limeshazama, kwa hiyo majira yote ya baridi naingia kazini gizani na kutoka gizani. Leo litachomoza saa 12:20. Mtu aliyezaliwa Tanga haizoei tofauti hiyo hata akae huku miaka mingapi.

Naswali, nabandika chai ya tangawizi. Simu naiacha chumbani, imelala kifudifudi. Tangu saa ziliposogezwa mbele mwishoni mwa Machi, nusu saa hii nimeitoa kwa penseli na daftari. Nachora chochote kilicho mbele yangu. Siku tatu za mwanzo mkono ulitoa shingo zile zile za magauni ninazoshona kila siku, nikaudhika kweli. Siku ya nne nikachora mkeka wa ukindu wa bibi yangu, ule wa ukumbini. Hapo mkono ukalegea.

Kilichonisukuma ni neno la mteja. Ni mama wa Mombasa, namwita shangazi. Februari alilipokea gauni lake, akaligeuza huku na huku, akasema kwa upole: "Mwanangu, hili si ndilo la mwaka jana?" Ndilo. Shingo ile ile, mikono ile ile, marinda yale yale. Usiku ule sikulala vizuri. Kazi hii naipenda, na nilikuwa naifanya kama mtu anayeosha vyombo.

Saa 1:00 asubuhi

Miaka mitatu nimekwenda kazini kwa treni, kichwa kimeinamia simu. Sasa napiga baiskeli. Napita kando ya mifereji na magati mpaka Steinwerder, na hapo, badala ya kuuvuka mto Elbe kwa juu, napita chini yake.

Njia hiyo ya chini ya mto ilifunguliwa mwaka 1911. Unaingia kwenye lifti na baiskeli yako, inakushusha mita 24, kisha mbele yako kuna mita 426 za vigae na taa hadi St. Pauli. Kuna ubaridi, na kengele za baiskeli zinarudi na mwangwi. Mwanzoni nilipita mbio. Wiki iliyopita nilishuka nikakokota, ndipo nikaona kumbe ukutani kuna samaki wa kauri, wametokeza kwenye vigae. Nikamgusa mmoja. Magamba yake yamepishana safu kwa safu, kila moja limefunika mzizi wa lenzie, na taa ya juu inatia kivuli chembamba chini ya kila gamba. Nikawaza palepale: hili ni rinda.

Saa 2:30 asubuhi

Karakana. Zamani nilianza na viporo: zipu, pindo za suruali, kiuno cha kupunguza. Mpaka nifikie gauni la kubuni, macho yamechoka. Sasa asubuhi ni ya kubuni na kukata, viporo vinangoja mchana. Cherehani nayo nimeigeuza. Ilikuwa inatazama ukuta, sasa inatazama dirisha, na nje mti wa cheri umejaa maua.

Gauni la leo ni la binti wa shangazi, la Idi. Nataka samaki wazunguke upindo wa chini. Nimekata kielelezo cha karatasi, nikakipiga chaki kwenye pamba ya bluu, nikabandika samaki watano kwa pini. Wakaonekana majani ya mwembe. Nikawabandua. Nikajaribu kuwapanga mmoja akitazama kulia, mwenzake kushoto. Bado majani.

Saa 7:00 mchana

Chakula nilikuwa nakila mashineni. Siku hizi nabeba wali na maharage hadi bustani ya Planten un Blomen, na leo nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Baridi imeisha huko?"

Kwake ni masika, nguo haziwahi kukauka. Nikamweleza habari ya samaki.

"Samaki gani huyo?"

"Sijui mama. Samaki tu."

"Ndiyo maana anakuwa jani. Mshone changu. Changu unamjua, umempara tangu mdogo."

Kweli. Nalijua paji lake lililoinuka, najua pezi la mgongoni linavyochoma kidole. Nikamchora palepale juu ya karatasi ya kufungia mkate.

Saa 8:00 mchana

Zipu nne, suruali mbili, koti moja la bitana iliyochanika. Zimekwisha upesi kuliko zamani, na sijazichukia.

Saa 11:00 jioni

Shangazi amefika na binti yake kwa kipimo cha mwisho. Upindoni nilikuwa nimewahi kushona changu wawili tu. Magamba nimeyatoa kwa vitambaa vidogo vilivyopishana, nimeshona upande wa juu tu, chini nimeacha huru. Binti akageuka mbele ya kioo, magamba yakainuka kidogo, yakalala.

Shangazi akachuchumaa. Akapitisha kidole kutoka mkiani hadi kichwani, kisha akarudisha, kama mtu anayepara.

"Huyu ni changu," akasema.

"Ndiye, shangazi."

Hakusema lingine kwa muda. Kisha akamuuliza binti yake kama anamkumbuka babu yake aliyekuwa mvuvi, akaanza kumsimulia, yeye bado amechuchumaa, ameshika upindo. Nikazima pasi, nikawavutia viti. Jua la kuzama saa 2:20 usiku lilikuwa bado linaingia dirishani.