Siku yangu moja Lysgårdsbakken, na kijana aliyeondoka dakika mbili nyuma

Saa kumi na nusu alfajiri. Simu inalia, nje ni nyuzi 11 chini ya sifuri. Leo Jumamosi kuna Kombe la Dunia la kuruka na kukimbia kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, hapa Lillehammer, Norwe, na mimi ni kibarua wa mnara wa kurukia. Nimezaliwa Moshi. Theluji niliyoizoea ni ile ya Kibo, unaitazama kwa mbali umevaa kandambili. Sasa ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba.

Saa kumi na mbili. Lysgårdsbakken, mnara wa Olimpiki ya 1994. Usiku imeanguka theluji laini, na hiyo ndiyo adui yetu. Mrukaji anateremka kwenye mifereji miwili ya barafu, anafika ukingoni na mwendo wa karibu kilomita 90 kwa saa; mifereji ikijaa theluji, skii zinashikwa. Basi napanda na mashine mgongoni, ile ile ambayo watu wa huku wanapulizia majani makavu bustanini, nasafisha kutoka juu kushuka. Chini wenzangu wamevaa skii, wanaushindilia mteremko wa kutua kwa kuukanyaga kiubavu.

Mzee mmoja wa kikosi huniita Boit. Philip Boit wa Kenya alikimbia skii kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998, akafika wa mwisho kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri mwishoni amkumbatie. Mimi si Mkenya na skii sijui. Nimechoka kueleza, naitika tu.

Saa tatu. Jua ndiyo kwanza linachomoza, wanamichezo wanaingia. Mchezo wao Wanorwe wanauita kombinert: unaruka kwanza, halafu mchana unakimbia kilomita 10 kwa skii. Umo kwenye Olimpiki tangu Chamonix 1924. Kwangu mimi ni kazi mbili zinazogombana ndani ya mwili mmoja. Hewa inataka mtu mwepesi, mlima wa kukimbia unataka mapaja. Ukijikondesha ili upeperuke, kilomita ya saba itakudai. Na kukonda nako kuna mpaka: ukiwa mwembamba kupita kiwango kilichowekwa, unapunguziwa urefu wa skii, na skii fupi hazikubebi.

Kuna kijana wa miaka 20 ninayemfahamu tangu alipokuwa mrukaji wa majaribio, wale wanaotangulizwa kabla ya mashindano ili hali ya mnara ijulikane. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kuitwa Kombe la Dunia. Amekuja kwenye kibanda chetu na kopo la uji wa shayiri, akala nusu, akafunika. "Nusu nyingine nikisharuka," akasema.

Saa nne na ushee. Amekaa kwenye ubao kule juu, upepo unabadilika, taa nyekundu. Anaondolewa. Anarudi tena. Kijani, kocha anashusha bendera. Mita 121. Anayeongoza ameruka 135.

Hapo hesabu ya Gunder Gundersen inaanza, Mnorwe aliyebuni njia ya kugeuza pengo la alama kuwa muda wa kuchelewa kuondoka. Kwenye mnara huu mita moja ni alama 1.8, kwa hiyo mita 14 ni alama 25.2. Alitua miguu sambamba badala ya mmoja kutangulia, waamuzi wakamnyima karibu 5 zaidi. Fanya 30. Kila alama ni sekunde 4. Yaani kiongozi akishaondoka, kijana wangu atasimama mstarini dakika mbili nzima akihesabu pumzi zake. Raha yake ni kwamba baada ya hapo hakuna hesabu tena: anayefika mbele ndiye mshindi.

Saa sita, mama anapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula? Na huyo kijana wako wanamlipa?"

Nikamwambia wakubwa wana wadhamini, yeye anasoma, na likizo anauza dukani.

"Kwa hiyo anajirusha kutoka ghorofani, kisha anakimbizwa porini, bure? Na wasichana je?"

Wana Kombe lao la Dunia tangu Desemba 2020, nikamjibu, ila Olimpiki haikuwafungulia mlango, hata ile ya 2026 Italia. Mama akaguna. Ile guno yake naijua, haihitaji tafsiri.

Saa nane, uwanja wa Birkebeineren. Kazi yangu ni kusimama kwenye njia panda niwaonyeshe pa kupita. Msiidharau. Jarl Magnus Riiber, bingwa mkubwa aliyestaafu 2025, aliondoka na uongozi wa sekunde 44 Olimpiki ya Beijing 2022, akakosea njia uwanjani, akamaliza wa nane. Kwa hiyo nanyoosha mkono kama trafiki wa Ubungo.

Mzunguko wa kwanza kijana anapita peke yake. Wa pili, ana migongo miwili mbele. Wa nne, mate yameganda kidevuni na amewapita saba. Wa 38 kuondoka, wa 31 kufika. Alianguka chali mstarini, skii hewani.

Saa kumi na mbili jioni, giza limeshaingia zamani. Tunakunja nyavu za kukinga upepo, mlango wa kibanda unafunguka. Ni yeye, amefuata kopo lake. Anakula ile nusu kwa kusimama, baridi kama barafu.

"Kesho mfereji utakuwa na kasi?"

Nikachungulia nje. Ilikuwa imeanza kudondoka tena.

"Njoo saa tatu," nikamwambia. "Nitakuwa nimeshapuliza."