Usizime Hapo

Jana nimemkaripia kijana ambaye hata jina lake silijui. Nilikwenda steshenari kuchapisha fomu ya shule ya mtoto, ikatoka na michirizi myeupe kutoka juu hadi chini. Kijana akasonya, akanyoosha mkono kwenye swichi ya ukutani ili aizime printa ikiwa bado inanguruma. "Usizime hapo!" Mteja wa pembeni akageuka. Mnaonijua mnajua sina tabia ya kupaza sauti kwenye maduka ya watu. Kijana akaniuliza kama mimi ni fundi. Nikamwambia hapana, nimelelewa na Shangazi tu.

Shangazi na LUKU yake. Steshenari yake ilikuwa jirani na Soko la Majengo, Dodoma, na nazungumzia mwaka 2017, wakati serikali inahamia na wageni kutoka Dar wanamiminika kila wiki. Wote walitaka picha za pasipoti, mikataba ya kupanga nyumba, nakala za vyeti. Hela ilikuwepo. Ila jioni ikifika Shangazi alipita ukutani na kuzima swichi zote kwa mkupuo mmoja, printa iwe imemaliza au haijamaliza, ili uniti zisipotee usiku.

Sasa printa ya wino haitaki hivyo. Ukiizima kwa kitufe chake, kichwa kinachonyunyiza wino hurudi pembeni na kukaa juu ya kisponji chenye ukingo wa mpira, hewa isikipate. Ukiikatia umeme ghafla ikiwa bado kazini, kichwa kinabaki katikati ya njia, wazi. Vile vitundu vya kutolea wino ni vyembamba kuliko unywele. Maji ya wino yakikauka, rangi inaganda palepale mlangoni. Na Dodoma ya mwezi wa nane mnaijua, upepo mkavu na vumbi hadi midomo inapasuka.

Basi jioni moja, Shangazi akiwa ametangulia nyumbani, waliingia watu watatu: mama mmoja mtu mzima mwenye kitenge kichwani, kijana, na binti aliyeshika simu. Nikamwamkia mama. Akaitikia, akakaa kwenye benchi. Kijana ndiye aliyesema: wana msiba, wanataka picha ya marehemu ya A4, ya kuweka kwenye fremu. Kesho saa moja asubuhi wanachukua mwili mochwari kuupeleka Mvumi.

"Poleni sana."

"Tumeshapoa," mama akasema. Marehemu alikuwa kaka yake.

Picha ilikuwa kwenye simu ya binti: mwanamume wa makamo, shati jeupe, anacheka na mtu ambaye haonekani. Ilikuwa ya harusini. Nikaikata vizuri, nikaweka karatasi ya picha, nikaagiza. Ikatoka ya kijani.

Pinki ilikuwa imeziba. Pinki ikikosekana, ngozi ya mtu hugeuka kijani na njano, na mwenye sura ile alikuwa marehemu kweli. Kijana akasema, "Jaribu tena, kaka." Nikaenda kwenye kompyuta nikaamuru printa isafishe kichwa. Ikakoroma. Safari hii uso ulipata rangi, lakini mistari myeupe ikapita kwenye paji la uso na kwenye jicho moja. "Jaribu tena." Nikasafisha tena. Mistari ikahama, ikakata mdomo. Kila ilipotoka mbaya niliikunja nikaitupa kwenye kikapu chini ya kaunta, na kijana akasema jaribu tena.

Nikamwita fundi simu wa kibanda cha jirani. Akachungulia kikapuni kabla hata hajaitazama mashine.

"Dogo, kwa nini mnajaribia sura ya mtu? Toa karatasi ya majaribio."

Ipo, ndani ya menyu: vijistari vya kila rangi vilivyopangwa kwa ngazi, ambapo vimekatika ndipo palipoziba. Nyeusi nzima, bluu nzima, njano ina mapengo mawili matatu, pinki imechanika vibaya. Akanikataza kusafisha tena kwa kompyuta. Kila usafishaji unafyonza wino kwenye matangi na kuumwaga kwenye sponji ya taka iliyo chini ya mashine. Ukirudia mfululizo unamaliza wino tu, na pengine unavuta na hewa.

Kisha akafanya kitu ambacho bado kinanichekesha. Aliamuru printa ichape, akasubiri kichwa kianze safari, halafu akazima ukutani. Kile alichokuwa akikifanya Shangazi kila siku! Tofauti ni kwamba yeye alitaka kichwa kiachiwe kipate kusukumika kwa mkono. Akakisogeza taratibu. Akanituma maji ya betri, yale yasiyo na asidi, akayavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano na kudondosha matone kwenye kisponji. Akafuta ule ukingo wa mpira kwa tishu iliyolowa, akarudisha kichwa juu yake. "Tusubiri," akasema, akarudi kwenye simu zake.

Tukasubiri. Nje walikuwa wanafunga vibanda. Na hapo yule mama alinyanyuka kwenye benchi, akazunguka kaunta bila kuomba ruhusa, akainama kwenye kikapu.

Alizitoa moja moja. Alikuwa akiziweka juu ya kaunta na kuzinyoosha kwa kiganja, kuanzia katikati kwenda pembeni, na wino ambao haujakauka vizuri ukamwachia rangi mkononi. Ya kijani. Ya mstari wa jicho. Ya mdomo uliokatika. Akazipanga, zote zikimcheka yule mtu asiyeonekana. Binti akageuka upande wa barabarani. Nami nikajikuta nazipanga upya kalamu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Nifungie na hizi."

"Mama, hizo zimeharibika."

"Kwani si yeye?"

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Fundi alirudi, akawasha, akasafisha kwa kompyuta mara moja tu, karatasi ya majaribio ikatoka imenyooka, na picha ikatoka safi: shati jeupe, ngozi yake mwenyewe, meno. Kijana akashukuru. Mama aliitazama kidogo, akaiweka juu ya zile nyingine. Nikataja bei ya moja. Akauliza bei ya zote, nikakataa, akaacha hela chini ya stepla wakaondoka.

Asubuhi Shangazi alihesabu karatasi za picha, akaniuliza zilikokwenda. Nikamweleza, nikampa hela, nikidhani atasema tuzirudishe kwa wafiwa kama rambirambi. Akafungua daftari.

"Zile mbovu amezichukua au hakuzichukua?"

"Amezichukua."

"Basi zimeuzwa."

Akaandika jumla. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na bado naona kuna mahali haikukaa sawa, ila nikitaka kusema ni wapi nashindwa. Kurudisha hela ile huenda kungemuudhi yule mama zaidi. Sijui.

Mchana nilibandika karatasi juu ya swichi kwa selotepu, herufi kubwa: USIZIME HAPA. Kufika jioni Shangazi alikuwa ameibandua, ameigeuza, ameandika upande wa pili HAKUNA KUKOPA, na kuibandika mlangoni.