Volti 12 zipo, taa haiwaki: kutafuta hitilafu ya umeme kwenye boti ndogo

Kwenye boti ya volti 12, hitilafu nyingi haziko kwenye betri wala kwenye taa. Ziko kwenye viungo: pale waya unapoingia kwenye swichi, kwenye fyuzi, au kwenye terminali ya hasi iliyojificha mahali pasipofikika kwa urahisi. Maji ya chumvi yakipenya, shaba hugeuka kijani, kisha nyeusi, na umeme haupiti vizuri.

Multimita, yaani kipimo cha umeme, huwapotosha wengi hapa. Ukipima waya taa ikiwa imechomolewa, utasoma 12.5 hata kama ndani zimebaki nyuzi mbili tu zinazogusana, kwa sababu multimita yenyewe haivuti umeme wa maana. Pima kifaa kikiwa kimewashwa. Nalisisitiza hili kuliko jambo lingine lolote.

Kabla ya yote, kama injini ni ya petroli, fungua vifuniko na uache mvuke utoke. Cheche moja inatosha kuulipua.

Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma 12.6 hadi 12.7, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Ikiwa nzima, washa taa, weka multimita kwenye volti za DC, gusisha ncha nyekundu kwenye chanya ya betri na nyeusi kwenye chanya ya taa. (Utahitaji kipande kirefu cha waya ili ufike.) Namba unayoiona ni volti zinazopotea njiani. Kisha pima upande wa hasi vivyo hivyo, maana huko ndiko mafundi wengi husahau. Kwa taa za kuongozea, redio na pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayojikusanya chini ya boti), jumla ya pande zote mbili isizidi asilimia 3 ya volti 12, yaani volti 0.36.

Ukisoma volti 2, usikimbilie kung'oa waya wote. Acha ncha moja kwenye betri, sogeza nyingine: fyuzi, swichi, kiungo kinachofuata. Namba inaporuka ghafla, ubovu uko kati ya sehemu mbili za mwisho ulizopima. Ikipanda polepole bila kuruka, waya ni mwembamba. Kwa ampea 5 na umbali wa mita 5, yaani mita 10 kwenda na kurudi, waya wa milimita mraba 1.5 hupoteza takriban volti 0.6, wa 4 hupoteza 0.23.

Taa za LED huvuta umeme kidogo, hivyo kiungo kibovu huweza kujificha. Unganisha kwa muda balbu ya indiketa ya gari ya wati 21 mahali pake, upime tena.

Fyuzi ya pampu ikiungua mara kwa mara, usiweke kubwa zaidi. Fyuzi hulinda waya usishike moto. Kagua kwanza kama takataka zimekwamisha pangaboi la pampu, kwani pampu iliyokwama huvuta umeme mwingi.

Unapotengeneza, kata waya hadi ufikie shaba inayong'aa. Weusi huweza kuingia mbali chini ya ganda. Tumia waya wa nyuzi nyingi uliopakwa bati, bana kiungo kwa koleo lake, kisha ukifunike kwa mpira wa joto (unaosinyaa ukipashwa moto) wenye gundi ndani. Kusokota na kufunga tepu hakudumu. Viungo vya pampu vifunge juu, mbali na maji ya ngama, kisha washa na upime upya.